Kwa Mtu wa Kigoma, Hata Mloganzila ni Nje

Siku hizi ukifungua simu hapa Kigoma, katikati ya matangazo ya mawese na picha za harusi ya mtu wa Kasulu, hukosi kukutana na wakala anayeuza safari ya "kukata utumbo", yaani upasuaji wa kupunguza unene. Siku tano Istanbul, Uturuki, au wiki moja Chennai, India. Tiketi, hoteli na mkalimani ndani yake, na picha mbili za mtu yuleyule, moja bonge, moja mwembamba. Tangazo likishasomwa, kijiwe kinagawanyika. Kuna wanaosema madaktari wa kweli wako nje, na kuna wanaosema huduma ipo hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam, sasa dola zipelekwe ugenini za nini. Nimewasikiliza wote wawili na naona wanagombania jambo dogo na kuliacha kubwa. Kisu chenyewe hufanya kazi saa moja au mbili. Tumbo litakalobaki utaishi nalo Mwanga, Gungu au Ujiji miaka yote iliyosalia. Anayefikiria upasuaji huu angeanza kuuliza nani atamwangalia siku ya kumi, mwezi wa sita na mwaka wa tatu, na mtu huyo yuko umbali gani kutoka mlangoni kwake. Ukilipima jambo kwa kipimo hicho, mkazi wa Kigoma anagundua kitu ambacho mkazi wa Mbezi hakioni: kwetu sisi, hata Mloganzila ni nje.

Jina lenyewe tunalolitumia linapotosha. Upasuaji unaofanyika zaidi duniani hivi sasa haugusi utumbo kabisa. Daktari hupitisha kamera na vifaa kwenye matundu madogo, akakata na kuondoa karibu asilimia 80 ya tumbo la chakula, na kinachobaki ni mrija mwembamba kama ndizi. Pamoja na nafasi ya chakula kupungua, sehemu iliyoondolewa ndiyo inayotoa kwa wingi homoni ya njaa, kwa hiyo hamu ya kula nayo hushuka. Aina ya pili ndiyo inayogusa utumbo kweli: tumbo linafanywa kifuko kidogo, kisha linaungwa na sehemu ya chini ya utumbo mwembamba ili chakula kiruke njia. Halafu kuna puto, ambalo si upasuaji. Linaingizwa kwa mdomo na kujazwa maji tumboni ili mtu ashibe mapema. Wakala huvichanganya vitu hivi vitatu kwenye tangazo moja kana kwamba ni rangi tatu za kitenge kimoja, wakati kila kimoja kina hatari zake na ratiba yake ya ufuatiliaji, na ratiba hiyo ndiyo ingepaswa kukuamulia pa kwenda.

Sina ugomvi na tiba yenyewe. Wanaosema kunenepa ni uvivu tu na mtu akaze mkanda hawajasoma ushahidi. Utafiti mkubwa wa Sweden ulioanza kuandikisha watu mwaka 1987 ulionyesha, matokeo yalipochapishwa 2007, kwamba waliofanyiwa upasuaji walikufa kwa kiwango kidogo kuliko wenzao wanene waliopewa tiba ya kawaida. Kisukari cha ukubwani hutulia kwa wengi, wengine wakaacha dawa kwa miaka. Lakini tiba hii ina wenyewe. Chukua uzito wako kwa kilo, ugawe kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Kwa mwongozo wa zamani wa 1991, ulitakiwa kufika 40, au 35 ukiwa na ugonjwa unaotokana na unene. Mwaka 2022 vyama viwili vya wapasuaji wa fani hii, cha Marekani na cha kimataifa, viliushusha hadi 35 hata bila ugonjwa mwingine, na 30 kwa wenye kisukari cha ukubwani. Mama wa urefu wa mita 1.60 anafika 35 akiwa na kilo 90 hivi, na 40 akiwa na kilo 102. Sasa angalia wanaopigiwa simu na mawakala: mabinti wa kilo 75 wanaotaka kiuno cha siku ya harusi. Hospitali yenye akili timamu itamwambia binti huyo arudi nyumbani. Ile itakayomkubalia kwa picha mbili za WhatsApp na malipo ya awali imeshakujulisha ni ya aina gani, iwe iko Uturuki au Kariakoo.

Hoja yenye nguvu ya upande wa nje ni wingi wa kazi, na mimi siipuuzi. Upasuaji huu ni ufundi wa mkono, na timu iliyokwisha kufanya maelfu hupata matatizo machache kuliko iliyofanya makumi. India ina vituo ambavyo hii ndiyo kazi yao ya kila siku. Kwetu huduma ni changa. Puto na upasuaji vilianza Mloganzila miaka michache tu iliyopita. Mtu akiniambia anakwenda India kwa sababu hiyo, simwiti msaliti. Ila hoja hiyo inahusu mkono wa daktari fulani na timu yake, haihusu nchi. Ndani ya India kuna aliyefanya elfu tano na kuna aliyefanya thelathini, na wakala hakwambii utalala kwenye meza ya nani. Anayetumia hoja ya wingi inabidi aifikishe mwisho: jina la daktari, idadi ya aliowapasua, na wangapi walirudishwa chumba cha upasuaji. Maswali hayohayo yaulizwe Dar es Salaam pia. Asiyeuliza popote amechagua ndege tu.

Hoja ya bei ni dhaifu zaidi, na kwa sehemu kubwa tumeiazima kwa Waingereza. Mwingereza anakimbilia Uturuki kwa sababu foleni ya hospitali za umma kwao ni ya miaka, na za binafsi zinamtoza mara kadhaa ya bei ya Istanbul. Ana sababu zake. Lakini hata yeye, mambo yakiharibika, anarudi kwenye mfumo wa umma unaompokea bure, na madaktari wa huko wamekuwa wakilalamika kwa kubeba mzigo wa matatizo yaliyotengenezwa kwingine. Mtu wa Kigoma akiharibikiwa, anayebeba ni familia: ng'ombe wanauzwa Kakonko, kiwanja cha Mwandiga kinawekwa sokoni. Bei aliyotajiwa na wakala haikuwa na mstari wa hilo. Na bei ndogo ina historia yake. Mapema mwaka 2023 zaidi ya watu 60 waliugua sumu ya botulizimu, ile inayolegeza misuli mpaka pumzi, baada ya kuchomwa sindano za botoksi tumboni huko Uturuki ili wapungue. Januari 2019 mamlaka ya Marekani ya kudhibiti magonjwa iliwatahadharisha raia wake baada ya wagonjwa waliopasuliwa kupunguza uzito huko Tijuana, Mexico, kurudi na bakteria sugu kwa karibu kila dawa. Sitaji haya kusema nje kote ni machinjioni. Nayataja kwa sababu kuna watu hapa wanaamini neno "nje" lenyewe ni cheti cha ubora.

Hoja dhaifu kuliko zote, ambayo ndiyo inayowasukuma wengi ingawa haitamkwi hadharani, ni siri. Nikienda India hakuna atakayejua. Naielewa, kwa sababu naujua mji huu. Mwanamke aliyenawiri Kigoma ni sifa ya mumewe. Akipungua ghafla watu hawaulizi amefanya mazoezi gani, wanaulizana kwa macho ameanza dawa lini. Aibu iko pande zote mbili: ukiwa mnene unaitwa kibonge, ukipungua unazikwa ungali hai, na ukisema umepasuliwa unaambiwa umechezea kazi ya Mungu. Kwa hiyo mtu anaaga kwamba anakwenda kusalimia ndugu Dar, anarudi wiki tatu baadaye na matundu matano tumboni ambayo hata mama yake hayajui. Tatizo ni kwamba siri hiyo haimfichi kwa majirani peke yao. Inamficha pia kwa mganga wa zamu atakayempokea usiku akitapika.

Shemeji yangu mmoja alifanya hivyo. Alipasuliwa nje, akarudi salama, mwezi wa pili akaanza kutapika kila alichokula. Kwenye zahanati, ambayo siitaji, akaandikiwa vidonda vya tumbo na kutundikiwa dripu ya sukari. "Shemeji, nimewaambia ni vidonda," alininong'oneza nilipofika, kama mtu aliyefanya jambo la busara. Sikujua wakati ule nilichokuja kukijua baadaye kutoka kwa daktari: mtu aliyepasuliwa tumbo namna hii akitapika kwa wiki kadhaa huishiwa thiamini, yaani vitamini B1, kwa kuwa mwili hauweki akiba yake kwa muda mrefu. Ukimpa sukari mshipani kabla ya kumpa vitamini hiyo, unaweza kuimaliza ile kidogo iliyobaki, na ubongo ndio unaolipa: macho kucheza, miguu kuyumba, kumbukumbu kupotea, wakati mwingine moja kwa moja. Ampuli ya vitamini B ni ya bei ndogo. Aliyemtundikia dripu hakukosea kwa alichoambiwa. Alidanganywa na mgonjwa wake. Kilichomwokoa shemeji ni karatasi ya kuruhusiwa hospitali, iliyokuwa imekunjwa chini ya nguo kwenye sanduku, ambayo mdogo wake aliitoa bila kumwomba ruhusa.

Ukiacha siri, ratiba ya mwili wenyewe ndiyo inayoniamulia. Mshono wa tumbo ukivuja, kwa kawaida huvuja ndani ya siku na wiki za mwanzo, na wapo ambao kuvuja kwao hujitokeza wakiwa wameshatoka hospitali. Dalili zake si za kutisha mwanzoni: moyo kwenda mbio, homa, maumivu yanayopanda begani. Kwenye kifurushi cha siku tano, siku hiyo ya hatari inaweza kukukuta uko hewani au umeshafika Ujiji unapokea pole za safari. Kisha kuna damu kuganda miguuni. Kukaa kwenye kiti zaidi ya saa nne kunaongeza hatari hiyo hata kwa mzima. Kwa aliyetoka kupasuliwa tumbo hatari inabaki wiki kadhaa. Hapa nawakumbusha wenzangu wa "vya nyumbani" kwamba bonge la damu halikagui pasipoti. Basi la kutoka Dar hadi Kigoma ni viti na magoti kwa zaidi ya nusu siku, na usiku juu. Treni ya reli ya kati, kilomita zaidi ya 1,250, walau inakuruhusu kusimama na kutembea kwenye korido, ingawa mtu mwenye mshono simtakii siku mbili za behewa lile. Kama fedha ya ndege haipo ya kurudi, fedha ya upasuaji bado haijatimia.

Puto nalo lina hesabu yake. Lile linalotumika zaidi hukaa tumboni miezi sita, kisha lazima litolewe kwa kifaa kilekile cha kupitia mdomoni. Hujazwa maji yaliyotiwa rangi ya bluu, makusudi, ili likipasuka mkojo ubadilike uwe bluu au kijani na mwenyewe ajue. Lililopasuka linaweza kuteremka na kuziba utumbo, na hapo ni dharura. Kwa hiyo anayewekewa puto Mumbai amenunua safari mbili, awe amelijua hilo au hakulijua, na ya pili haina tarehe ya kusogezwa kwa sababu mahindi hayajauzwa.

Halafu kuna miaka. Vitamini B12 ina akiba kubwa kwenye ini, kwa hiyo upungufu wake unaweza kuchukua mwaka au miwili kujionyesha, kwa ganzi za vidole na uchovu ambao kila mtu atauita uzee. Madini ya chuma hupungua, hasa kwa wanawake wanaopata hedhi. Mifupa inataka kalsiamu na vitamini D. Na kuna jambo ambalo mawakala hawaligusi kabisa, nalo katika mkoa wetu wenye uzazi mkubwa lingepaswa kuwa la kwanza: mwanamke mnene ambaye hedhi ilikuwa inaruka, akishapungua huanza kushika mimba kwa urahisi, wakati ushauri ni kusubiri miezi 12 hadi 18. Vidonge vya uzazi wa mpango, hasa baada ya ule upasuaji wa aina ya pili unaogusa utumbo, havitegemewi kama zamani. Nani atamwambia? Daktari wa Chennai hayupo. Atakayekuwepo ni muuguzi wa kliniki ya wajawazito, na tumeshaona kwamba hakuambiwa kitu.

Kwa hiyo niko upande wa nyumbani? Ndiyo, kwa watu wengi wa hapa, lakini si kwa sababu wanazozitaja wazalendo wa kijiweni. Bujumbura iko karibu nasi kuliko Tabora. Umbali na mpaka kwetu havijawahi kwenda pamoja. Serikali yenyewe inahubiri utalii tiba, inataka Wakomoro na Wakongo waje kutibiwa Dar es Salaam, na Mkomoro huyo akirudi Moroni atakutana na maswali yaleyale ninayoyauliza hapa. Mpaka unahesabika mahali pachache tu, ila mahali hapo ni pazito. Kurudi Dar huhitaji viza. Daktari wako anapokea simu kwa Kiswahili, na hali mbaya usiku haisubiri mkalimani. Barua ya rufaa inasomwa pande zote mbili. Ukidhulumiwa, kuna Baraza la Madaktari Tanganyika la kupeleka lalamiko. Nenda ukalitafute la Uturuki ukiwa Kibirizi. Kwa upande mwingine, mtu mwenye kesi ngumu, aliyewahi kupasuliwa tumbo mara kadhaa, au mwenye mtoto anayeishi mji uleule wa hospitali ya nje na anayeweza kukaa naye wiki sita, huyo hesabu yake inaweza kugeuka, na aende.

Kinachofuata kwa anayechagua Dar ni kwamba asijidanganye yuko nyumbani. Atafute pa kulala wiki tatu au nne karibu na hospitali baada ya kuruhusiwa, hata kama ni chumba cha binamu Kibamba. Kabla ya kusafiri aende Maweni, hospitali yetu ya rufaa ya mkoa, apime damu, aeleze anachokusudia, ajue jina la daktari atakayempokea akirudi. Wengi hufanya kinyume, wanakwenda Maweni mara ya kwanza siku wanayobebwa. Na hospitali zinazopasua, za umma na za binafsi, zinatudai jambo moja: kila mgonjwa wa mikoani aondoke na ukurasa mmoja wa Kiswahili unaosema amefanyiwa nini, asipewe nini, na apimwe nini mwezi gani. Gharama yake ni karatasi. Puto zote zilizowekwa ziwe na orodha yenye tarehe za kutoa, na mtu wa kupiga simu. Mfumo wa rufaa tunao wa kwenda juu. Wa kurudi chini bado ni mgonjwa kujikumbuka mwenyewe.

Kuhusu chakula, ambacho watu hudhani ndicho kigumu, naona Kigoma tuna bahati ambayo hatuitumii. Aliyepasuliwa huanza na vinywaji vyepesi kwa wiki kadhaa, kisha vilaini, na siku zote protini kwanza, gramu 60 au zaidi kwa siku, ndani ya tumbo linalojaa kwa vijiko vichache. Mgebuka wa kuchemsha na dagaa wa kusagwa wanaifanya kazi hiyo vizuri kuliko unga wa kopo ambao mawakala wanauuza kama sehemu ya kifurushi. Kinachotoka mezani ni bugali wa muhogo, unaovimba na kulijaza tumbo bila kulilisha, na mawese yanapungua mpaka kijiko. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi miezi mitatu mwaka 2024, kuanzia 15 Mei, shemeji alihangaika kwelikweli, akahamia mayai na maharage ya kuponda.

Sasa hivi anapima damu kila baada ya miezi sita na anachoma B12. Ile karatasi bado anayo, kwenye bahasha ya kaki pamoja na kadi ya kliniki, na safari hii haiko chini ya nguo. Ameibandika nyuma ya mlango wa chumbani, mahali ambapo yeyote atakayembeba atalazimika kuiona.